Adapta za mipira ya gari: thredi inashika, kuziba ni kazi nyengine

Gari ikianza kuvuja pale mpira unapoingia kwenye injini au kwenye rejeta, watu wengi huku kwetu Malindi wanaanza na spana, wanakaza, ikikataa wanafungua wanazungusha thredi tepu, wanakaza tena kwa nguvu mara mbili, na mara nyingi safari hiyo ndio kitu kinapasuka. Mie naona chanzo cha mambo haya yote ni kitu kimoja ambacho hakisemwi: kila kiungio chenye thredi (meno ya kukazia) kina kazi mbili, kuna kushika na kuna kuziba. Kushika ni kuzuia mpira usichomoke presha ikipanda. Kuziba ni kuzuia maji, oili, petroli ama mafuta ya breki yasipenye. Kwenye viungio vingi vya gari thredi inafanya ile ya kwanza peke yake, ya pili inafanywa na kitu chengine kabisa, washa, oringi (raba ya duara), au chuma kubanana na chuma mdomo kwa mdomo. Ukishalishika hilo hata maswali yako dukani yanabadilika, huulizi tena "mna adapta ya robo?", yaani kile kipande cha kuunganisha thredi mbili, unauliza ni thredi gani na inaziba wapi.

Tuanze na thredi inayoshika na kuziba yenyewe, manake ndio inayochanganya watu. Hiyo ni thredi iliyosongoka, dume lake ni jembamba mbele linanenepa likirudi nyuma, kila unavyoingiza ndivyo linavyojibana kwenye jike. Kusongoka kwake ni 1 kwa 16, yaani ukienda milimita 16 za urefu unene umeongezeka milimita moja, kidogo sana kwa macho lakini ukiweka ukingo wa rula ubavuni mwa thredi utauona mwanya. Kuna za asili ya Kiingereza zinaitwa BSPT na za Kimarekani zinaitwa NPT. Hata hizi haziwezi kuziba zikiwa kavu, kwenye vilele vya meno kunabaki kinjia chembamba kinachozunguka kama ngazi ya mnara, na oili ikiwa na presha itakifuata mpaka itokee nje, ndio sababu zinataka tepu au gundi ya thredi.

Halafu kuna thredi iliyonyooka, unene mmoja mbele mpaka nyuma. Humo kuna BSPP ambayo mara nyingi imeandikwa G, na kuna za milimita zinazoanza na M. Mfano ambao kila mtu ameushika ni nati ya kumwagia oili chini ya injini, kwenye Toyota nyingi ni M12 yenye hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.25, na kinachoziba pale ni ile washa yake peke yake, thredi haizibi hata tone. Thredi ya namna hii ukiizungushia tepu roli nzima haitaziba ikakutoka moyoni, itachelewesha tu uvujaji. Inataka washa ya shaba nyekundu, au ya aluminiamu, au oringi iliyokaa kwenye mfereji wake, au ile washa ya chuma yenye mpira ndani ambayo mafundi wa haidroliki wanaiita dauti.

Ya tatu ni fleya, mdomo wa paipu uliopanuliwa ukakaa juu ya koni, nati inausukuma mpaka chuma kibanane na chuma. Hapa tepu haina kazi hata kidogo, tena ni hatari, kwa sababu vipande vyake vinakatika vinaingia ndani ya mfumo, na kipande cha tepu kidogo kuliko punje ya mchele kinatosha kuziba injekta au kukwamisha valvu.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye kiungio kimoja, thredi ya 1/8 ya swichi ya presha ya oili, kwa sababu ndio inayovunja injini za watu. Mtu ana Probox au Hiace inakwenda Mokowe upande wa Lamu na kurudi, barabara ndefu, Gongoni, Garsen, Witu, jua kali, anataka geji ya kweli ya presha ya oili badala ya kile kitaa chekundu ambacho kikiwaka mambo yashaharibika. Fikra nzuri kabisa. Ananunua geji mtandaoni, inakuja na sensa yake, imeandikwa 1/8, anafungua swichi ya zamani nayo ni 1/8, anaingiza. Inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inakuwa nzito, anasema aa hii ndio imebana, anaongeza spana. Kumbe Wajapani wanatumia 1/8 ya ukoo wa BSPT, wao kwenye vitabu vyao wanaiandika PT au R, na geji nyingi za kuongezea zinakuja na 1/8 NPT ya Marekani. BSPT ya 1/8 ina meno 28 kwa inchi na pembe ya jino ni digrii 55, NPT ya 1/8 ina meno 27 kwa inchi na pembe ni digrii 60, na unene wa BSPT ni karibu milimita 9.7 wakati NPT ni karibu 10.3. Hiyo tofauti ya jino moja kwa inchi nzima huwezi kuisikia mizunguko ya mwanzo, ndio inavyodanganya. Unachosikia kuwa ni kubana ni meno yanakatana, na ukiendelea, pale mahali ni aluminiamu au chuma cha kumwaga, kinafanya ufa, na ufa wa pale huuzibi kwa gundi yoyote.

Dawa yake ni adapta ndogo yenye dume la BSPT 1/8 upande wa injini na jike la NPT 1/8 upande wa sensa, basi. Na kuna jambo moja hapa watu wanalikosa: sensa nyingi za waya mmoja zinapata asi (njia ya umeme ya kurudi) kupitia mwili wake kwenye thredi zenyewe, ukizungusha tepu nyingi unaweza kuikata ile asi, geji inasoma uongo au haisomi kabisa, mtu anaanza kushuku pampu ya oili. Tumia gundi ya thredi ya majimaji, kidogo tu, kisha pima kwa mita kama mwili wa sensa unaongea na injini.

Kwenye 1/4 na 3/8 mambo ni yaleyale, BSP (ukoo wa BSPT na BSPP) ina meno 19, NPT ina 18. Lakini kwenye 1/2 na 3/4 zote mbili zina meno 14 kwa inchi, ndio hapo mtu anaapa kwamba zinaingiana, na kweli zinaingia vizuri tu, ila pembe za meno ni tofauti kwa hivyo hazilali pamoja, inashika lakini haizibi.

Hadiwea zetu nyingi zinauza BSP, urithi wa mabomba ya Kiingereza, kwa hivyo kiungio cha nusu cha bomba la maji ukikipima kwa vania (rula yenye taya za kupimia unene) utapata karibu milimita 21 nje, na inchi nusu yenyewe ni milimita 12.7. Duka halijakosea. Yale majina yalitokana na tundu la ndani la paipu za chuma za zamani, thredi inakatwa nje ya ukuta wa paipu, kwa hivyo nje lazima iwe kubwa. Digrii 55 ilitoka kwa Joseph Whitworth aliyependekeza meno ya namna moja kwa Uingereza mwaka 1841, na digrii 60 ya Marekani ilitoka kwa William Sellers mwaka 1864, na sisi leo mwambao huu tunazibeba zote mbili pamoja na za milimita ndani ya gari moja. Kwa hivyo usiende dukani na jina, nenda na kipimo. Vania ya kawaida inakupa unene wa nje wa dume au tundu la jike, na geji ya meno, ile yenye vijani vingi kama kisu cha mfukoni, inakupa hatua. Kama huna geji ya meno chukua bolti unayoijua uiweke ubavu kwa ubavu na ile usiyoijua, uinue kwenye mwanga, meno yakilala ndani ya meno bila mwanga kupita urefu wote basi hatua ni moja. Kwa meno manne matano ya mwanzo karibu kila kitu kitaonekana sawa, angalia urefu wote.

Kwenye breki naomba tuwe makini zaidi, kwa sababu huku hakuna kuvuja kidogo. Ukikanyaga breki kwa nguvu presha ndani ya paipu inapita bar 70 kirahisi, na tairi la gari ndogo lina bar 2 na kidogo, hebu linganisha mwenyewe. Gari nyingi za Kijapani na za Ulaya za sasa zinatumia nati ya M10 yenye hatua ya milimita 1 kwenye paipu ya milimita 4.75. Gari kongwe za Kiingereza na za Kimarekani, na Land Rover za zamani bado zipo huku, zinatumia 3/8 UNF, thredi ya inchi yenye meno ya karibu karibu, meno 24 kwa inchi. Inchi 3/8 ni milimita 9.5, na meno 24 kwa inchi ni hatua ya milimita 1.06. Umeona hatari iko wapi? Dume la 3/8 linaingia kwenye tundu la M10 kwa vidole mpaka mwisho, linakaa limelegea kidogo, ukikaza linashika, ukikanyaga breki gereji linakubali, kisha siku ya kufunga breki za ghafla pale mbuzi wanapovuka barabara, vile vilele vya meno vinang'oka vyote kwa pamoja. Nati ya breki ikiingia na mchezo, ukiitikisa inacheza, itoe. Usimpe mtu gari hiyo.

Na hata thredi ikiwa sawa bado kuna mdomo. Toyota na Wajapani wenzake wanatumia fleya iliyokunjwa mara mbili, inayokaa kwenye koni ya digrii 45. Gari nyingi za Ulaya zinatumia fleya ya kibonge, mdomo umevimba kama kitunguu kidogo. Zote zinaweza kuwa na nati ileile ya M10 kwa 1. Fundi akichukua paipu ya gari ya Ulaya akaifunga kwenye Toyota thredi itamkubalia kwa furaha na mdomo utakataa, ataendelea kukaza mpaka auponde ule mdomo, na hiyo ndio kazi mbili ninayoisema tangu mwanzo. Paipu yenyewe isiwe ya shaba nyekundu tupu kama ya friji, ile inakuwa ngumu kwa mtetemo mwishowe inapasuka, tafuta ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo pia inavumilia chumvi kuliko ya chuma. Pale mpira wa breki unapofungwa kwenye kaliperi kwa bolti yenye tundu, kuna washa mbili, moja juu moja chini ya kile kichwa cha mpira, na kila ukifungua weka mpya. Kuna wanaopasha za shaba motoni mpaka ziwe nyekundu ili zilainike tena, na kweli zinalainika, lakini kwa bei ya washa mbili mie sioni sababu ya kufanya hivyo kwenye breki.

Wenye kuongeza kipoozeo cha oili au kubadilisha mfumo wa petroli wanakutana na namba zenye mstari mbele, -4, -6, -8, -10. Hizo ni za mfumo wa jeshi la Marekani unaoitwa AN, na kila namba ni sehemu za 16 za inchi, kwa hivyo -6 ni 6/16, yaani 3/8, na hiyo inahesabu unene wa paipu, thredi ina namba yake mbali: -6 ni 9/16 yenye meno 18, -8 ni 3/4 yenye meno 16, -10 ni 7/8 yenye meno 14. Koni yake ni digrii 37. Mafundi wa friji na AC wao wamezoea koni ya digrii 45, na mtego ni kwamba -4 ya digrii 37 na fleya ya friji ya robo zote mbili zina thredi ya 7/16 yenye meno 20. Zinafungana kabisa, unakaza vizuri kabisa, lakini koni zinagusana kwenye ukingo tu badala ya kulaliana, na kwenye ukingo hakuna kuziba kwa maana.

Mpira wenyewe nao una tabia zake. Ule unaofaa rejeta na hita kwa kawaida ni EPDM, aina ya raba, unavumilia maji ya moto na dawa ya rejeta, lakini oili na petroli zinauvimbisha mpaka unakuwa laini kama maini. Mpira wa naitrili unavumilia oili na petroli, lakini mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yanauharibu, na raba za ndani ya breki ni EPDM kwa hivyo oili ya injini ikiingia kwenye kikopo cha breki inaweza kuua raba za mfumo mzima, ile faneli uliyomwagia oili usiitumie kwenye breki. Mpira wa petroli unaandikwa ubavuni, SAE 30R7 ni wa presha ndogo, kabureta na njia ya kurudi, 30R9 ni wa injini za injekta ambazo petroli inakwenda karibu bar 3. Mpira wa kumwagilia bustani uliofungwa kwenye petroli, hata kwenye tuktuk, hata kwenye boti, ni moto unaosubiri cheche, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu unauona kila mahali, kwa vile unaonekana ndani mtu anapenda kuona petroli ikipita.

Klemu ya kukaza kwa bisibisi inatosha kwenye rejeta, pale mfuniko unashika kama bar 0.9 au 1.1 tu, na inatosha kwenye hita na kwenye njia ya kurudi ya pawa stiaringi. Weka klemu nyuma ya ule uvimbe wa mdomo wa adapta, sio juu yake na sio ukingoni kabisa mwa mpira. Lakini upande wake wa presha, ambako inafika bar 70, bar 100 na kupita, hakuna klemu inayoshika, ule mpira lazima ubanwe na mashine ya kubania, upeleke mzima kwa mafundi wa haidroliki wakutengenezee mwengine na vichwa vyake. Na hapo ndipo ninapokataa ule mtindo wa kupanga adapta juu ya adapta, tatu nne, mpaka mpira unaning'inia kwenye mkono mrefu wa chuma. Kila adapta ni mahali pawili pa kuvuja, na mtetemo wa injini unafanya ule mkono uvunjike kwenye thredi ya mwisho. Moja ni sawa, mbili ukilazimika, zaidi ya hapo tengeneza mpira.

Kufunga kwenyewe hakuna siri kubwa. Safisha meno yote kwa brashi na petroli kidogo (ila sio kwenye breki, petroli inavimbisha raba zake), toa tepu ya zamani yote. Anza kwa vidole, geuza kwanza kinyume mpaka usikie meno yamedondoka mahali pake, kisha ndio uingize. Kama vidole haviwezi kuipeleka mizunguko mitatu ya mwanzo, kitu si chake. Tepu kwa thredi iliyosongoka peke yake, ukitazama dume kwa mbele uzungushe kufuata saa, raundi tatu, uache jino la kwanza wazi ili isiingie ndani. Kwa thredi hiyo iliyosongoka, baada ya vidole ongeza mizunguko miwili hadi mitatu ya spana kwa brasi na chuma, na kwa aluminiamu uende taratibu ukisikiliza mkono. Spana mbili kila wakati, moja inashika adapta, moja inakaza nati, la sivyo unazungusha kile kilichokuwa kimetulia.

Huku kwetu kuna na chumvi. Upepo wa kaskazi ukivuma kutoka baharini, na ukipita Marereni kwenye mashamba ya chumvi, chuma kinaliwa haraka. Adapta ya stenlesi ndani ya aluminiamu ni ndoa mbaya, ikipata unyevu wa chumvi aluminiamu ndio inayoliwa, meno yanakuwa unga mweupe na siku ya kufungua yanatoka na adapta. Aluminiamu kwa aluminiamu ni afadhali, na upake kidogo grisi ya kuzuia kushikana kwenye thredi zilizonyooka, sio kwenye koni.

Ukimaliza, washa injini mpaka feni ianze, zima, iache ipoe kabisa, kisha kagua kwa karatasi nyeupe chini ya kila kiungio. Kwa breki mtu akanyage kwa nguvu ashikilie wakati mwengine anatazama, na mafuta ya breki yakimwagika kwenye rangi mwagia maji mengi hapohapo kabla hayajaibabua. Karatasi ikilowa usikimbilie kukaza, na rejeta usiiguse ikiwa ya moto. Fungua, futa, angalia ile alama ya mgusano kwenye koni au kwenye washa. Ikiwa ni duara kamili lenye upana mmoja, ilihitaji kukazwa kidogo tu. Ikiwa imekatika mahali, kuna mkwaruzo au uchafu, na ikiwa ni mstari mwembamba kama wembe ukingoni, hizo pembe si za jamaa mmoja, badilisha kipande.